Feni, kipoza cha maji au klima (kiyoyozi)? Soma hili kabla ya kutoa pesa (Lubumbashi)

Yambo ndugu zangu. Joto la Septemba limeanza na simu yangu hailali: "Papa, ninunue klima ya nguvu gani?" Nimejibu swali hilo hadi nimechoka, kwa hiyo ninaliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

Mimi nina sekretarieti ndogo Kamalondo: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, chumba cha mita 4 kwa 4 chini ya mabati. Si fundi wa friji. Ila feni, kipoza na klima vyote nimevinunua kwa jasho langu.

Hatua ya 1. Pima chumba: urefu mara upana.

Hatua ya 2. Tazama juu. Kama unaona mabati bila dari, pesa ya kwanza iende kwenye dari, na juu ya bati upake rangi nyeupe. Bati tupu saa nane mchana ni jiko lililogeuzwa chini juu, na hakuna mashine itakayolishinda kwa bei nafuu.

Hatua ya 3. Jua umeme wako. Feni hula wati 50 hadi 75. Kipoza cha maji, wati 100 hadi 200. Klima ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula kama wati 1,000 ikiwa inafanya kazi, na ile isiyo ya inveta (kifaa kinachoiwasha polepole) huvuta mara kadhaa ya hapo wakati wa kuwaka. Jenereta ndogo ya kilowati moja itazima palepale. Kama mtaa wenu hupata umeme usiku tu, klima ya mchana itakuwa pambo la ukutani.

Hatua ya 4. Uliza hewa yako: kavu au yenye unyevu? Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo soma polepole.

Kipoza cha maji ni feni inayopuliza hewa kupitia matandiko yaliyolowa. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la hewa. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka haraka na ubaridi unakuja. Hewa ikiwa tayari imeshiba maji, hakuna kinachokauka: unapulizwa unyevu tu. Mimi nilinunua changu mwezi wa kumi, kabla ya mvua, na nikakisifu kwa kila mteja. Desemba mvua zikashika. Nami, kwa kutojua, nilikuwa nafunga dirisha na mlango "ili ubaridi usitoke". Asubuhi moja nikafungua trei ya fotokopi, karatasi zimejikunja pembe kama majani ya mhindi yaliyokosa maji, zimeshikana mbili mbili. Mashine ikazimeza tatu kwa pamoja na kukwama. Kazi ya mwanafunzi, kurasa 60 za kumalizia masomo, ikachelewa siku nzima, na mama yake alisimama pale mlangoni akinitazama. Sijaisahau sura ile.

Kwa hiyo:
- Kipoza cha maji kinataka dirisha wazi, hewa iingie huku na kutokea kule. Klima inataka chumba kilichofungwa. Ukibadilisha, vyote viwili vinakutesa.
- Kwetu kipoza kinafaa kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba. Mvua zikianza, zima pampu ya maji ukitumie kama feni.
- Usikiweke penye karatasi, vitambaa vya kuuza, unga, dawa au vyuma vinavyoshika kutu.

Njia ya kupima: chukua kipimajoto, soma. Kisha zungushia ncha yake kitambaa chenye maji, kipepee dakika tano, soma tena. Kipoza kizuri kitakupa kama robo tatu ya tofauti hiyo. Alasiri moja ya Oktoba nilipata 33 na 18: tofauti 15, hewa ikashuka kama digrii 11. Januari nilipata 27 na 23. Hesabu mwenyewe kama inafaa kununua.

Hatua ya 5. Ukichagua klima, zidisha mita za mraba kwa 600 upate BTU. Chumba changu: 16 × 600 = 9,600, kwa hiyo 9,000 inatosha kama kuna dari, 12,000 kama jua la mchana linapiga ukuta. Chukua ya inveta ukiweza.

Hatua ya 6. Siku ya kufunga, fundi atoe hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu kabla ya kufungua gesi. Akikuambia si lazima, tafuta mwingine. Weka na kifaa cha kulinda umeme, kinachosubiri dakika tatu baada ya umeme kurudi.

---

MASWALI

Saluni Katuba: Somo ni refu. Niambie tu klima gani kwa saluni.

Jibu: Mita ngapi? Dari lipo? Hatua ya 1 na ya 2.

Saluni Katuba: 5 kwa 4. Dari hakuna. Mashine za kukausha nywele mbili.

Jibu: 20 × 600 ni 12,000, bila kuhesabu mashine zako. Kila moja hutoa joto la wati elfu moja na zaidi, kama kuwasha jiko la umeme karibu na mteja. Dari kwanza, mama, na feni ya kutoa hewa nje ukutani, juu ya mashine hizo. Kisha rudi tuongee klima.

Papa wa Ruashi: Unaharibia watu biashara. Mimi niko na kipoza cha maji mwaka mzima, hakina shida.

Jibu: Sikusema ni kibaya, papa. Nimesema mahali na majira. Chako kiko wapi?

Papa wa Ruashi: Barazani, kwenye nganda (baa) yangu.

Jibu: Basi ndiyo sababu. Baraza ni wazi, unyevu haujikusanyi. Januari zima pampu, utaona wateja hawatagundua tofauti.

Mwanafunzi, komini ya Kenya (hapa Lubumbashi): Aksanti kwa somo. Nauliza: mtungi wa udongo wa bibi yangu na kipoza ni jambo moja? Na klima je?

Jibu: Swali zuri sana, mwanangu. Ndiyo, mtungi hutoka jasho, jasho hukauka, maji ya ndani hupoa. Lita moja ya maji ikikauka yote huondoa joto la karibu kilowatisaa 0.67. Klima ya 12,000 huondoa kama 3.5 kwa saa, yaani kazi ya lita tano zinazokauka. Na klima nayo ni mtungi: gesi huchemka ndani ya bomba la chumbani ikichukua joto, kisha kompresa huibana, igeuke kimiminika nje na kulitupa joto huko. Tofauti ni kwamba jasho lake halitoki bombani, hurudi kuzunguka. Ndiyo maana haihofii mvua.

Famasia, Kampemba: Dawa zangu nyingi zimeandikwa chini ya digrii 30, nyingine 25.

Jibu: Klima tu, dada, na kipimajoto ukutani kwenye rafu ya juu, kwa sababu joto hukaa juu. Kipoza cha maji usikikaribishe.

Ndugu wa Goma: Na sisi huku?

Jibu: Mko juu zaidi yetu, karibu mita 1,500, na ziwa liko mlangoni. Feni inatosha nyumba nyingi. Mwenye klima aoshe kichujio mara kwa mara, vumbi la lava linakwaruza.

Fundi Kalubwe: Na vumbi letu jekundu pia! Kiangazi, kila wiki mbili, kwa mswaki wa zamani na maji bila sabuni kali. Na tangi la kipoza mlimwage kila siku mbili tatu, mbu wanataga humo.

Jibu: Aksanti fundi, la mbu nilikuwa nimelisahau.

Saluni Katuba: Na karatasi zako ulizifanyaje?

Jibu: Sifungui rimu mpaka ya kwanza iishe. Jioni zilizobaki kwenye trei nazirudisha ndani ya plastiki yake na kuifunga kwa mpira.