Kutuni kabureta za MGB hapa Nairobi

Kama MGB yako, ile gari ya michezo ya Uingereza, ni ya kabureta mbili aina ya SU HS4, inatoa moshi mweusi na inakunywa petroli vibaya, usikimbilie kununua mpya. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hivyo petroli inazidi. Toa plagi uziangalie, ukiona masizi makavu ujue ndio hiyo.

Injini ikishapata moto vizuri, toa filta ya hewa halafu inua pistoni ya kabureta na bisibisi nyembamba, kidogo sana, kama milimita moja hivi. Mbio za injini zikipanda na zikae huko juu, petroli ni nyingi, zungusha nati ya chini ya jeti (kale kabomba kanakopitisha petroli) ipande juu pole pole, pembe moja moja ya nati, ukijaribu tena kila mara. Ikitaka kuzima umepunguza sana. Inafaa mbio za injini zipande kidogo tu na zitulie. Fanya kabureta ya pili, rudia ya kwanza.

Na tafadhali angalia oili ya pale juu ya kila kabureta, ile ya uzito wa SAE 20, mimi gari ilikuwa inanisumbua Waiyaki Way kila nikikanyaga mafuta, kumbe oili iliisha kitambo.