Namna ya Kuchunguza Maji ya Ardhini katika Bonde la Mto Lililo Karibu na Mgodi wa Makaa ya Mawe

Mashapo ya bonde ni kazi ya mto wenyewe. Uliacha kokoto na mchanga pale ulipokwenda kasi, ukaacha tope laini na mfinyanzi pale ulipotulia. Mchanga hupitisha maji, mfinyanzi huyazuia, na tabaka hizo hupishana ndani ya mita chache tu. Kwa hiyo kisima kimoja hakitoshi kulisemea bonde zima. Mgodi nao huyagusa maji hayo kwa njia mbili: pampu zinazokausha shimo hushusha usawa wa maji ya jirani, na miamba iliyovunjwa yenye piraiti (madini ya chuma na salfa), ikikutana na hewa na maji, hutoa asidi, salfeti (aina ya chumvi yenye salfa) na chuma.

Anza kupima kabla uchimbaji haujaanza, walau mwaka mmoja kamili, ili majira ya mvua na ya kiangazi yote yaonekane. Bila kumbukumbu hiyo, mabishano ya baadaye kuhusu nani ameharibu maji hayana mwisho, na anayeumia ni mkulima anayetegemea kisima chake.

Chimba visima vya uangalizi visivyopungua vitatu, visiwe kwenye mstari mmoja, na kimoja kiwe upande ambao maji hutoka kabla ya kuufikia mgodi. Mahali penye mfinyanzi katikati, weka viwili kando kwa kando, kifupi na kirefu, kwa sababu usawa wa maji yaliyo juu ya mfinyanzi na wa yale yaliyo chini yake huweza kutofautiana. Andika kila badiliko la udongo linalotoka kwenye tundu, na uzibe kwa bentonaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa, nafasi iliyo juu ya sehemu yenye matundu ya kupokelea maji, ili maji ya mvua yasiteremke kando ya bomba.

Hatua inayopuuzwa mno, nayo kwangu ndiyo msingi wa kazi yote, ni kumwita mpima ardhi apime urefu wa mdomo wa kila bomba, pamoja na uso wa mto, kutoka alama moja. Tuseme mdomo uko mita 52.40 na maji yako mita 3.15 chini yake. Usawa wa maji ni mita 49.25. Uso wa mto ukiwa mita 49.60, basi mto ndio unaolisha ardhi. Kama kabla ya pampu kisima kilisoma 49.90, mwelekeo umegeuka: mto uliokuwa ukipokea maji sasa unayapoteza.

Kwa kasi ya maji, tumia kanuni aliyoitoa Henry Darcy mwaka 1856. Zidisha upitishaji wa tabaka (wepesi wake wa kupitisha maji) kwa mteremko wa maji (tofauti ya usawa ikigawanywa kwa umbali), kisha ugawanye kwa uwiano wa nafasi zilizo wazi ndani ya tabaka. Mchanga wenye upitishaji wa mita 10 kwa siku, mteremko wa 0.002 na uwiano wa 0.25 hutoa mita 0.08 kwa siku, yaani takriban mita 29 kwa mwaka. Uchafu uliopo mgodini leo huweza kuchukua miaka mingi kukifikia kisima cha jirani.

Unapochukua sampuli, usichote maji yaliyolala bombani. Bomba la kipenyo cha milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji. Toa mara tatu ya ujazo wake au zaidi, mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi), joto na upitishaji umeme vitulie. Chupa ya metali zilizoyeyuka ichujwe kwa chujio la mikromita 0.45 papo hapo, kisha itiwe asidi ya nitriki. Ya salfeti isitiwe asidi. Zote zihifadhiwe kwenye baridi.

Usidanganywe na pH nzuri. Mawe ya chokaa huizima asidi, lakini salfeti hubaki ikisafiri na maji. Chora salfeti, usawa wa maji na mvua kwenye ukurasa mmoja: salfeti ikipanda katika kisima kilicho kati ya mgodi na mto huku kile kilicho upande maji yanakotoka kikibaki kama kilivyokuwa, chunguza mgodi kwanza.