Kabla Hujalipeleka Tumbo la Hedhi kwa Tabibu wa Kichina

Anza na daftari. Tabibu wa Kichina hatosheki na "tumbo linauma sana". Atauliza linaanza kabla damu haijatoka au siku za mwisho, damu ni nyekundu au imeiva hadi kuwa nyeusi, ina mabonge, ukilikanda kwa maji moto linatulia, ukilibonyeza linazidi. Andika ya miezi miwili mitatu, maana ukiwa mzima hutayakumbuka.

Maswali hayo yanatokana na msemo wao wa kale: penye mtiririko hapana maumivu. Tumbo linalotulizwa na joto huhesabiwa kuwa na baridi iliyoganda kizazini, hivyo hupewa tangawizi, mdalasini au moshi wa majani ya jamii ya pakanga. Lenye mabonge ni la damu iliyotuama. Linalouma pole pole hedhi ikiisha, na uchovu juu yake, wao huliita upungufu wa damu, ingawa si lazima uwe ule unaoonekana kwenye kipimo cha hospitali. Hospitali wenyewe husema ni prostaglandini, kemikali zinazoubana mji wa mimba, ndiyo maana ibuprofeni hutuliza. Tafiti za mitishamba na za sindano nyembamba za Kichina, zinazochomwa mwilini bila kuingiza dawa, zimeonyesha nafuu kwa baadhi ya wanawake, lakini nyingi ni ndogo na hazikufanywa kwa umakini.

Asubuhi ya kwenda usisugue ulimi wala usinywe kahawa. Rangi ya ulimi ni sehemu ya uchunguzi, pamoja na mapigo ya mishipa ya mikono yote miwili. Kula kidogo, maana sindano juu ya njaa huleta kizunguzungu. Hakikisha zinafunguliwa mbele yako, mpya.

Siku zikichelewa, pima mimba kwanza. Dawa nyingi za tumbo hili kazi yake ni kuisukuma damu, jambo linaloweza kuidhuru mimba. Danggui, mzizi maarufu kuliko yote, humhatarisha anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo taja kila dawa unayotumia, hata ya kienyeji uliyopewa na shangazi.

Maumivu yaliyoanza ukubwani, yanayozidi kila mwezi, au yanayokusumbua hata kwenye tendo la ndoa, yapeleke kwanza hospitali. Huenda ni uvimbe wa kizazi au endometriosisi, yaani nyama kama ya utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake, ambayo humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10.

Na pakiti isiyoandikwa kilichomo, iache hapo hapo mezani. Miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokunywa vidonge vya kupunguza unene waliharibika figo, kwa sababu mtishamba mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye sumu.