Jinsi ya kulitoa shairi kwenye karatasi mpaka stejini

Wengi wakinionyesha mashairi yao kwenye karatasi nayapenda sana, alafu wakipanda stejini nasikia maneno yaleyale yanapita mbio kama gari lisilosimama kituoni. Mara nyingi shida sio sauti wala woga. Msomaji akipotea anarudi mstari wa juu, ila msikilizaji hana pa kurudi, anakusikia mara moja tu basi. Hatua zote hapa chini nimezitoa kwenye hilo.

Hatua ya 1: andika kwa sikio

Rasimu ikiwa tayari isome kwa sauti huku simu inarekodi, alafu iache, uisikilize kesho yake. Pale ulipoishiwa pumzi mstari ni mrefu, pale ulimi ulipojikwaa badilisha neno hata kama unalipenda vipi. Mfano mimi niliwahi kuandika hivi:

*Katika ukimya wa usiku ule uliojaa kumbukumbu za sauti ya mama iliyozoea kuniita, niliketi nikingoja.*

Kwenye karatasi haina shida, ila masikioni mpaka ufike "nikingoja" mtu ameshasahau nani alikuwa anaita nani. Nikaivunja:

*Usiku ule / mama hakuniita. //*
*Nikangoja. //*
*Hakuniita.*

Maneno yamepungua, na lile "hakuniita" limerudi mara mbili, la kwanza unalisema kawaida tu kama unatoa taarifa, la pili unalishusha karibu na kunong'ona, na hapo ndo watu wanaelewa mama yuko wapi bila wewe kuwaambia. Marudio kwenye karatasi yanaweza kuonekana umekosa la kuandika lakini stejini ndo kamba ya msikilizaji, ndo maana kibwagizo kipo tangu zamani.

Hatua ya 2: pima muda

Yale mashindano ya slamu, yaani washairi kushindana kughani stejini, aliyoyaanzisha mshairi Marc Smith huko Chicago, Marekani, miaka ya 1980 yana kanuni ya dakika 3, unaongezewa sekunde 10 za huruma, ukipitiliza hapo unakatwa alama. Hata kama hushindani na mtu dakika 3 ni kipimo kizuri. Kwa Kiswahili mimi naishia kwenye maneno kama 300 hivi, sizidishi, maana maneno yetu ni marefu, "hatukuwasikiliza" ni neno moja ila hesabu mizani zake, ziko 8, yaani mshororo mzima wa utenzi.

Hatua ya 3: weka alama za pumzi

Umeona vile vimkwaju (/) kwenye mfano wa hatua ya 1? Kimoja ni kuvuta pumzi, viwili ni kunyamaza kabisa mpaka uhesabu mbili. Chukua kalamu uviweke shairi zima, na uvutie pumzi tumboni sio mabegani, mabega yakipanda sauti inakuwa nyembamba. Ukimya wa sekunde mbili ukiwa stejini utauona kama dakika nzima na utatamani kuujaza, usiujaze, wenzio huko chini ndo wanameza ulichosema.

Kama shairi lako lina vina kuwa makini zaidi, sauti inapenda kushuka palepale kila mwisho wa mstari mpaka watu wanasinzia. Dawa yake lisimulie kwanza kama unamhadithia rafiki yako, kawaida kabisa bila mapigo, alafu ukirudia kwa mapigo utakuta maana imebaki ndani.

Hatua ya 4: kariri kuanzia mwisho

Shika ubeti wa mwisho kwanza, alafu wa kabla yake pamoja na huo, endelea hivyo ukipanda juu. Ukikariri kutoka mwanzo ubeti wa kwanza unaujua kama jina lako na wa mwisho unautafuta. Ukiwa stejini kwa njia hii kila unavyosonga unaingia sehemu unayoijua zaidi. Lighani ukiosha vyombo, ukitembea, redio ikiwa inaongea pembeni. Likikutoka bila kukatika na redio ipo basi limeingia.

Hatua ya 5: maiki

Rekebisha stendi kabla hujasema neno lolote. Mdomo ukae umbali wa kama vidole vinne, ukiinamisha maiki pembeni kidogo zile "p" na "b" hazitapasuka kwenye spika. Ukitaka kupaza sauti rudi nyuma kidogo, ukinong'ona sogea. Kichwa cha maiki usikifunike kwa kiganja na usikielekeze kwenye spika, itapiga mluzi. Na fundi mitambo msalimie mapema, mwambie una sehemu ya kunong'ona na sehemu ya kupaza, atakusaidia sana.

Hatua ya 6: ukisahau

Kuna siku nilikatikiwa ubeti wa tatu wa lile shairi la mama, nikasema "samahani jamani," watu wakanipigia makofi ya kunitia moyo, nikalikumbuka nikamaliza, ila shairi lilishakufa kwa sababu kuanzia pale walikuwa wananihurumia mimi, yule mama hawakumsikia tena. Tangu siku ile siombi radhi. Nasimama, navuta pumzi, namwangalia mtu mmoja machoni, likigoma bado narudia kibwagizo, na mara nyingi wao wanadhani ndivyo lilivyoandikwa.

Kwa sababu hiyohiyo usilieleze shairi kabla ya kulianza. Panda, simamisha miguu vizuri, watazame, anza. Na ukimaliza mstari wa mwisho usiufunike na "asanteni" ya harakaharaka, baki hapohapo, hesabu mbili kimoyomoyo, alafu ndo ushuke.