Kufika mlimani kwa baiskeli, kama wapandaji wa zamani

Mwaka 1931 ndugu wawili Wajerumani, Franz na Toni Schmid, waliendesha baiskeli kutoka Munich mpaka Zermatt, Uswisi, wakaupanda ukuta wa kaskazini wa mlima Matterhorn ambao hakuna aliyekuwa ameumaliza. Vijana wengi wa enzi ile walifika mlimani hivyo kwa kukosa nauli. Ukitaka kusafiri kama wao, anza na mzigo, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika.

Vifaa vyote visizidi kilo 20. Kamba ya mita 60 peke yake hukaribia kilo 4. Mkiwa wawili, mmoja abebe kamba, mwingine vyuma vya kupandia. Vizito vikae chini kabisa katika mikoba miwili ya keria, na mikoba ipimwe: upande mmoja ukizidi kwa zaidi ya kilo moja, baiskeli huvuta na mikono huchoka bure. Mgongoni usibebe kitu. Mzigo wa mgongoni hukukandamiza kwenye kiti, ukafika na michubuko palepale utakapofunga mkanda wa kupandia. Kamba iwe ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na grisi ya mnyororo. Ikining'inia nje hudaka mchanga, na chembe zake hupenya ndani na kukata nyuzi polepole kila kamba inapobeba uzito. Ncha ya shoka la barafu ivishwe mpira mgumu.

Gurudumu la nyuma liwe na spoki 36. Za upande wa gia ndizo hukatika kwanza, kwa hiyo beba 3 za urefu huo pamoja na viraka, solusheni na pampu.

Miguu ndiyo mtaji wako. Gia nyepesi kabisa iwe na meno machache mbele kuliko nyuma, mathalani 26 kwa 34. Ukikanyaga huku umesimama mlima mzima, unamaliza mapaja utakayoyahitaji ukutani. Ukishindwa kuzungumza, punguza gia. Gia zikiisha, shuka usukume, hakuna aibu. Baada ya kilomita 100 za milima, pumzika siku nzima kabla ya kupanda.

Kwenye mteremko mrefu, usishikilie breki za ringi mfululizo: ringi hupata moto na tyubu hupasuka. Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, rudia.

Kurudi ndiko kunakohatarisha zaidi. Mwaka 1952 mpanda milima Hermann Buhl wa Austria alipanda peke yake uso wa kaskazini mashariki wa mlima Piz Badile, kisha akiwa anarudi kwa baiskeli akasinzia na kutumbukia mto Inn. Basi, unapoifunga baiskeli kabla ya kupanda, acha hapo chakula na nguo kavu. Ukishuka, kula, lala usiku mzima, kagua breki na spoki, ndipo uanze safari.