Kwenda Kigoma kuvua kuhe na washkaji: mambo ya kupanga kabla hujapanda boti

Kila nikiweka picha ya samaki wa Kigoma napata meseji kumi za "kaka na sisi tunataka kuja, tunaanzaje", kwa hiyo leo naandika yote hapa mara moja, ukiniuliza tena nitakutumia hii hii.

Kwanza tuelewane tunafuata nini. Sio dagaa, dagaa wana wenyewe. Tunafuata kuhe, na kama bahati ipo, sangala. Kuhe ni samaki wa Ziwa Tanganyika tu, hayupo kwingine kokote duniani, na ndiye mkubwa kabisa wa ukoo wa sato na perege hapa Afrika, anapita sentimita 60 na wale madume wazee wanafika 80. Mwili mrefu, rangi ya dhahabu yenye mabaka, na akishika mshipi hatulii kama sato, huyu anakimbia. Sangala wa Tanganyika nao ni wa huku huku, sio yule sangara wa Victoria aliyeletwa na watu miaka ya 50. Ni ndugu lakini sio huyo.

Sasa kosa la kwanza la watu wa Dar, na sisi tulilifanya: tulipanga safari kwa kuangalia likizo zetu. Usipange kwa likizo, panga kwa mwezi, huu wa angani. Kigoma uvuvi mkubwa ni wa dagaa na migebuka usiku kwa taa, na taa haifanyi kazi mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawaji kwenye mwanga. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika siku kadhaa, nyavu zinashonwa, mashine zinatengenezwa, na hapo ndo unampata mzee anayelijua ziwa akiwa na muda na boti yake imekaa tu ufukweni. Sisi mara ya kwanza tulifika mwezi haupo, giza totoro, kila mtu wa maana yupo kazini usiku na mchana amelala, tukaishia kukodi kijana mwenye boti nzuri na spika kubwa ambaye hakuwa anavua, alikuwa anabeba abiria tu. Siku mbili hatukugusa kuhe hata mmoja. Muziki ulikuwa mzuri lakini.

La pili ni upepo. Kuanzia Mei mpaka kama Septemba kuna kusi, upepo wa kutoka kusini unaovuma kwa urefu wote wa ziwa (ni kilomita zaidi ya 600 kutoka Zambia mpaka Burundi, fikiria mawimbi yanapata nafasi kiasi gani ya kukua), halafu masika yakishika radi na dhoruba inakuja ghafla tu mchana. Mi napenda Septemba mwishoni na Oktoba. Na kabla hujakata tiketi uliza kama ziwa limefungwa, maana mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, hivyo usije ukafika na fimbo zako ukaambiwa rudi. Ukifika nenda ofisi ya uvuvi uulize leseni ya kuvua kwa burudani, halafu ukapige hodi kwa viongozi wa mwalo (pale boti za uvuvi zinapofikia), ule uongozi wa BMU, kamati ya wenyeji inayosimamia uvuvi pale. Ni nusu siku ya kuzunguka, ila baada ya hapo hakuna anayekusumbua.

Usafiri mnajua wenyewe. Ndege ipo. Basi lipo, ukipenda panda SGR mpaka Dodoma halafu uunge na basi. Treni ya zamani ya reli ya kati bado ndiyo ninayoipenda, ndefu kweli ila mkiwa wanne na karata hamtaiona, na unaamka asubuhi Tabora unanunua asali dirishani. Tatizo ni fimbo za uvuvi, nunueni zile za kukunjika, mwenzetu mmoja alibeba fimbo ya mita mbili na kitu mpaka kondakta akamuuliza kama ni antena.

Mzee wa boti unampataje. Nenda mwalo wa Kibirizi au wa Katonga asubuhi wavuvi wanaporudi, usiende na bei mdomoni. Salimia kwanza, ukisema "mwakeye", salamu ya Kiha, watu wanacheka na wanakupenda hapo hapo, nunua samaki kidogo, kaa chini, uliza nani anavua kwa mshipi. Sio nani ana boti, nani anavua kwa mshipi, hilo ndo swali. Utaelekezwa kwa mzee fulani ambaye kila mtu anamtaja. Huyo ndiye. Mkikubaliana muandikiane hata kwenye karatasi ya sigara: siku ngapi, petroli ya nani, chakula cha nani, na muhimu kuliko yote, samaki ni wa nani. Sisi huwa tunasema wa kula tunagawana, wanaobaki ni wa mzee. Na petroli iwe ya kwenda, ya kurudi, na galoni moja ambayo haiguswi. Laifujaketi kila mtu yake, ivaliwe, sio ikaliwe. Mzee wetu alikuwa havai, tukamwambia shikamoo mzee wetu, lakini leo usipovaa hatutoki, akanung'unika akavaa, siku ya pili akaja amevaa tayari kutoka nyumbani.

Vifaa sasa, na hapa msipoteze hela. Watu wanasikia Tanganyika ina kina cha mita 1,470 wanadhani wanahitaji mshipi wa kufika kuzimu. Hapana. Upande huu wa kaskazini ukishuka mita 100 hivi oksijeni inaisha, chini ya hapo ni maji yasiyo na samaki, yaani ziwa lote hilo la ajabu samaki wanakaa kwenye ngozi ya juu tu. Na kuhe anawinda kati ya mita 5 na 20 mara nyingi, pale ambapo mawe yanaishia na mchanga unaanza. Fimbo ya wastani, rili yenye mshipi mita 150 au 200 wa kubeba kilo 10 mpaka 15, inatosha kabisa. Chambo ni kijiko cha bati kinachong'aa au kisamaki cha plastiki cha urefu wa kidole, rangi ya fedha au bluu maana ndo rangi ya wale samaki wadogo anaowala. Ndoana weka moja isiyo na kole (kile kijino cha ncha kinachozuia samaki asichomoke), au iminye kole kwa koleo, nitasema kwa nini. Chubwi chache (vile vizito vya kuzamisha mshipi), kiwavu cha mkono chenye nyuzi laini, koleo ndefu, kofia, miwani ile inayoua mng'aro wa maji. Miwani usiidharau, maji ya kule ni meupe mpaka unaona mawe mita kumi chini, na mwenye miwani nzuri anamuona kuhe kabla hajatupa mshipi. Waya wa chuma hauhitajiki kwa kuhe, labda mkisogea kwenye midomo ya mito ambako kuna taigafishi, wale wana meno wanakata kila kitu. Ila huko kwenye midomo ya mito kuna mamba na viboko pia, mi siendi.

Kuvua kwenyewe. Tokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, ziwa likiwa kama kioo. Sisi wa pwani tunaita kurambaza, kule wanasema tu kuburuta: boti inakwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka, mshipi mita 30 au 40 nyuma, unafuata ukingo wa mawe, sio katikati ya ziwa. Mzee atakuwa anaangalia nchi kavu kuliko maji, anapima kwa mwembe fulani na jiwe fulani, usimsumbue kwa jipiesi ya simu yako. Mishipi miwili tu kwa wakati mmoja, tulijaribu minne ikasokotana tukakaa saa nzima tunafumua kama akina mama wa kususi. Wawili wanavua, wawili wanapumzika, mnabadilishana kila nusu saa, na mtu akipata samaki anapisha. Iandikeni sheria hiyo mapema maana urafiki wa miaka 15 umewahi kuyumba kwenye boti mbele ya macho yangu.

Akishika hutakosa kujua. Sio kudonoa, ni kugonga, fimbo inalala, mtu wa mashine apunguze mara moja ila asizime. Muache akimbie, rili iwe laini, kosa la kila mgeni ni kukaza. Kuhe atakimbilia kwenye mawe, hapo ndo unamgeuza kwa fimbo ya pembeni, sio ya juu. Mara mbili tatu ataona boti atakimbia tena. Halafu kiwavu, na asitoke majini mpaka kamera ipo tayari, nasema kweli, kamera kwanza.

Sasa hapa ndo kitu ninachotaka mnisikilize. Kuhe inaaminika anazaa mara moja tu maishani. Dume na jike wanachagua mahali pa mchanga karibu na mawe, wanataga maelfu ya mayai, halafu wanakaa pale kulinda watoto, hawali, wanakonda, na wakimaliza wanakufa. Maji yakiwa meupe utawaona: makuhe wawili wakubwa wametulia sehemu moja, boti inapita juu hawakimbii, na chini yao kuna kama wingu la vumbi, hilo wingu ndo watoto. Ukipitisha kijiko hapo atauma, tena kwa nguvu kuliko wote, lakini anauma kwa hasira sio njaa. Ni samaki rahisi kuliko wote ziwani na mara nyingi ndiye mkubwa kuliko wote uliomuona siku hiyo. Mpite. Ukimtoa mmoja hata kwa dakika tano wale samaki wadogo wanaozunguka pembeni wanamaliza wingu lote. Siku yetu ya tatu tuliona jozi, dume nadhani lilifika 75, jamaa yetu mmoja akaanza kutupa, mzee akazima mashine kabisa akasema "huyo yupo kazini." Hakuongeza neno. Tukapita, na jamaa akanuna mpaka chai.

Kwa wengine wote kole iliyominywa inakusaidia: ndoana inatoka kwa sekunde, mikono ilowe maji kwanza, mshike mkia na tumbo akiwa amelala, usimning'inize kwa taya, picha mbili, pima urefu kwa alama mlizochora kwenye ubao wa boti, rudisha. Mmoja au wawili wa kula baki nao, hakuna ubaya, kuhe ni mtamu balaa.

Sangala ni habari nyingine. Wakubwa wamepungua sana tangu zama za nyavu kubwa za kuzungusha, na unawafuata chini zaidi, mita 40, 60, kwa chambo cha samaki na chubwi nzito kwenye miteremko ya mawe. Shida yake ukimtoa kina hicho kibofu chake cha hewa kinavimba, macho yanatoka, hata ukimrudisha anaelea tu mpaka mwewe aje. Kwa hiyo habari ya kumuachia sangala wa kina kirefu ni kujidanganya. Sisi tunafanya hivi: akipatikana mmoja, huyo ni wa chakula na mishipi ya chini inafungwa kwa safari nzima. Alipatikana asubuhi ya kwanza? Basi ndo hivyo.

Mipaka: Gombe ipo karibu tu kaskazini, Mahale kusini, na hifadhi ya Mahale inaingia mpaka majini kilomita 1.6 kutoka ufukweni. Huko hakuna kuvua, hata "kamoja tu". Simu nayo ikianza kukukaribisha mtandao wa Congo usishtuke kwanza, inatokea ukiwa bado upande wetu, ila mwambie mzee. Na ukioga ufukweni uliza wenyeji ni wapi, kuna sehemu zina kichocho, na kuna swila wa majini kwenye mawe, anakula samaki hana shida na wewe, ila usimshike kama jamaa yetu aliyedhani ni mkunga.

Saa nne, saa tano kasoro, upepo ukianza kukunja maji, mnarudi. Hata kama samaki ndo wameanza kuuma. Mzee akisema turudi hakuna kura.

Kupika msijifanye wajuzi, mpeni mama ntilie wa pale mwaloni mkae pembeni. Kuhe wetu alipasuliwa katikati, akachomwa taratibu na chumvi na ndimu, halafu mchuzi wa mawese pembeni na ugali wa muhogo, mikono minne sahani moja. Wenyeji wakaanza "lekadutigite" zao, eti Kigoma ndo kila kitu, na siku hiyo hatukuwa na hoja ya kuwajibu. Siku ya kuondoka nunueni migebuka mikavu, mfunge kwenye gazeti halafu mfuko halafu mfuko mwingine, maana tulifunga gazeti tu na behewa zima lilijua tunatoka wapi mpaka Morogoro.