Maji ya kunywa nyumbani: kutoka kwenye dumu mpaka kwenye glasi

Swali linaloulizwa sana ni hili: "Nichemshe au niweke dawa?" Kabla ya kulijibu unatakiwa ujue maji yako yana nini. Anza hapo, maana kuna maji ambayo ukiyachemsha unayaharibu zaidi.

Hatua ya 1: Jua maji yametoka wapi

Ubaya wa maji uko wa namna mbili. Kuna vijidudu, vile vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na kuhara kwa kawaida. Hivi huuawa kwa moto, kwa klorini au kwa jua. Halafu kuna vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji: chumvi, floraidi, naitreti. Hivi si viumbe, kwa hiyo haviuawi. Ukichemsha sufuria mpaka maji yakapungua nusu, floraidi yote imebaki katika ile nusu, na ukali wake umekuwa maradufu.

Walio Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, pamoja na majirani zetu wa Nakuru na Naivasha, wasiruke jambo hili. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inatoa floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na mito huko yenye kiasi kinachopita hapo mara nyingi. Maji yenyewe yanaweza kuwa maangavu na matamu kabisa mdomoni. Dalili utaiona kwenye meno ya watoto wa mtaani kwenu: madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikifika kwenye mifupa, magoti na mgongo hukakamaa, na hapo hakuna dawa ya kurudisha. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri (mwaga maji ya mwanzo yanayoosha bati), chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama ule uliofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, au maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya RO (husukuma maji kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno). Mkaa wa kupikia hauondoi floraidi. Mkaa wa mifupa nao huchoka, kwa hiyo anayekuuzia chujio akueleze utabadilishwa lini na maji yatapimwa wapi. Magadi ya kupikia maharage nayo huongeza floraidi chunguni. Kama maji yenu tayari yana tatizo, acheni magadi hayo.

Kwa watu wa pwani, tatizo ni maji chumvi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini. Maji hayo ni ya kuoshea na kufulia. Usimpe mgonjwa wa presha, na usijidanganye kwamba kuyachemsha kutayaondolea chumvi.

Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo, nacho kisiwe upande wa chini wa mteremko. Naitreti ya chooni huwa hatari zaidi kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwani damu yake hushindwa kubeba hewa. Hii nayo haiondoki kwa moto.

Maji ya boza: muulize dereva amejaza wapi, na uyanuse kabla hayajaingia kwenye simtanki. Maji ya mamlaka ambayo hayajakaa sana huwa na harufu ndogo ya klorini.

Maji ya chupa: tazama alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), tarehe, na kizibo ambacho hakijavunjwa. Basi. Yale yanayouzwa ghali kwa jina la alkalaini hayakuongezei afya, kwa sababu tumbo lina asidi yake na huyageuza mara yanapofika.

Hatua ya 2: Tuliza na uchuje

Acha maji yenye tope yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu polepole. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi ni kizuri kuliko kipya, maana nyuzi zake zimefura na matundu yamekuwa madogo. Huko Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu namna hii vilipunguza kipindupindu karibu kwa nusu. Kuchuja peke yake hakutoshi, lakini bila hatua hii ile inayofuata inaharibika.

Hatua ya 3: Ua vijidudu

*Kuchemsha.* Yakishatokota kwa mapovu makubwa, hesabu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama Kitulo au Nyandarua, hesabu dakika 3. Hizo dakika kumi na ishirini watu wanazochemsha ni kuchoma mkaa bure. Yapoe humo humo kwenye sufuria, yakiwa yamefunikwa.

*Klorini.* Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na wengi huacha dawa wakisema "inanuka" au "haifanyi kazi", kumbe ni kipimo.

Mimi napendekeza vidonge kuliko jiki. Kidonge kinachotumika sana majumbani ni cha miligramu 67, kwa maji maangavu ya lita 20. Lakini vidonge vya jina lile lile hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, kwa hiyo soma paketi kila unaponunua. Kosa la kawaida ni kidonge cha lita 20 kutumbukizwa kwenye ndoo ya lita 10: maji yananuka, watoto wanayakataa, na mama anarudia maji ya bomba kama yalivyo.

Koroga kidonge kiyeyuke, funika, subiri dakika 30. Hesabu inaanza baada ya kukoroga. Maji yakiwa ya baridi sana, ongeza muda. Usikamulie limau wala kuchanganya juisi ndani ya hizo dakika 30, kwa sababu vitamini C inaimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Baada ya hapo weka limau lako, na harufu itapungua.

Dakika 30 zikiisha, nusa. Harufu ndogo ni habari njema, maana imebaki klorini ya kuyalinda maji mpaka yaishe. Kama hunusi kitu kabisa, uchafu umekula dawa yote. Rudia kipimo kile kile mara moja na usubiri tena. Ikipotea tena, acha kuongeza dawa: maji hayo ni machafu mno, rudi Hatua ya 2 au yachemshe. Harufu ikiwa kali, funika ndoo kwa kitambaa safi badala ya kifuniko kwa saa chache.

Maji maangavu ni sharti. Jaza chupa ya plastiki, isimamishe juu ya gazeti, uchungulie kutoka mdomoni. Kama herufi hazisomeki, hayajawa tayari kwa dawa. Tumia chombo cha plastiki, kwa kuwa ndoo ya bati hupunguza nguvu ya klorini na yenyewe huingia kutu. Maji ya asili ya magadi nayo huidhoofisha, na mengi ya yale yenye floraidi kaskazini yako hivyo, kwa hiyo yape saa nzima.

Huna vidonge, una jiki tu? Iwe ile ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni, na asilimia iwe imeandikwa. Ya asilimia 3.5: mililita 2 kwa lita 20 za maji maangavu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo, kila kampuni ina chake. Jiki iliyokaa juani dukani au iliyofunguliwa siku nyingi imeshapoteza nguvu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kupendelea vidonge. Klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea usiiguse kwa kukisia.

Kuna vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi vizuri. Nyumba yenye mtu ambaye kinga yake imeshuka, au mtoto mdogo anayeharisha mara kwa mara, ichemshe.

*Jua.* Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku 2 mfululizo. Inafaa ukikosa vyote.

Hatua ya 4: Hifadhi

Maji mengi salama huharibikia ndani ya nyumba. Tumia dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki. Kata isiingie, kwa sababu mkono unaoishika huzama nayo. Osha chombo kwa sabuni kabla ya kukijaza tena, na usijazie maji mapya juu ya masalia. Mtungi unapoza maji vizuri na una ladha yake, lakini udongo hula klorini haraka na ndani hausuguliki. Weka humo maji ya siku hiyo tu.

Hatua ya 5: Kunywa ya kutosha

Kwa mtu mzima asiyetoka jasho sana, kadirio zuri ni lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume kwa siku, ukijumlisha chai, uji, mchuzi, madafu na matunda. Anayebeba zege au kusimama jikoni kwa mama lishe anahitaji zaidi: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kufika lita 1.5 kwa saa. Kunywa maji mengi mno kwa mkupuo hushusha chumvi ya damu, na huleta kichwa kuuma, kuchanganyikiwa na hata degedege. Mtu wa jasho jingi asiache kula mlo wenye chumvi ya kawaida.

Kipimo chako ni mkojo wa mchana. Rangi ya manjano hafifu inatosha. Ule wa asubuhi huwa mzito kwa kila mtu, usikutishe.

Wanawake wengi wa sokoni hujinyima maji kwa sababu choo kiko mbali au ni kichafu, kisha wanahangaika na maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa, na choo kidaiwe kwa uongozi wa soko. Anayefunga Ramadhani agawe maji kuanzia futari hadi daku, asiyabugie yote daku. Wazee kiu yao hupungua, kwa hiyo wapewe kwa saa. Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu, asipewe maji. Mgonjwa wa figo au moyo afuate kiasi alichopangiwa na daktari.

Hatua ya 6: Mtu akiharisha

Maji matupu hayatoshi. Koroga pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Ukipunguza maji inakuwa kali, na mtoto atazidi kukauka. Ukikosa pakiti: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Onja, na isiwe na chumvi kuliko machozi. Baada ya saa 24 mwaga.

Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ulizia zinki kituoni, inapunguza siku za kuharisha.

Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, akilegea au akishindwa kunywa, au kuharisha kukawa kama maji ya mchele, nenda kituo cha afya muda huo huo. Kama bado anaweza kumeza, endelea kumpa ORS njiani mpaka mfike.